Nchi tajiri zina wajibu wa kutusaidia au ni hisani yao tu?

Kijana wa Temeke:
Wakuu habari za jioni. Mama yangu mdogo alikua mhudumu ngazi ya jamii kwenye mradi mmoja wa ukimwi huku kwetu, kazi yake kufuatilia walioacha dawa, anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake la kava gumu. Mwaka 2025 Marekani waliposimamisha misaada wakaambiwa basi, msije kesho. Daftari mpaka leo liko juu ya kabati. Sasa juzi kwenye daladala ya Mbagala kuna jamaa anasema Mzungu hana deni na sisi, hela yake afanye atakavyo. Iliniuma. Nauliza kwa dhati, ni wajibu wao au hisani tu?

Mzaramo Halisi:
Wajibu. Tena walijifunga wenyewe, mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ulipitisha kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao, mpaka leo wanaofikisha ni wachache sana. Uingereza walifika, 2021 wakashusha hadi 0.5 na wametangaza watashuka tena hadi 0.3 ifikapo 2027. Ahadi ni deni mkuu, kwanini kwao isiwe?

Fundi Reli:
Mi naona tunakosea kusema tajiri tajiri. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 toka hapa Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, aliyetupa mkopo bila riba ni China ya miaka ile ya 70 ambayo yenyewe ilikua masikini, na Wachina wengine wamezikwa hukuhuku. Babu alifanya nao kazi, anasema walikua wanashika sururu pamoja na wanakula uji pamoja. Kushindwa kuitunza ile reli baadae ni kwetu wenyewe, hapo tusimsingizie mtu.

Binti Mtwara:
Kaka Fundi umenena ila ngoja niongeze. Korosho zetu nyingi zinatoka ghafi zinaenda India na Vietnam kubanguliwa, faida inabaki huko, kwahiyo mi msaada ninaoutaka ni biashara ya haki na madeni kupunguzwa. Hili la madeni nimeliona kwa macho yangu, 2001 tulisamehewa sehemu kubwa, ada ya shule za msingi ikafutwa, darasani kwetu watoto wakajaa mpaka tukakaa chini, kuna dada alianza la kwanza kashavunja ungo na leo ni nesi. Lakini dawa jamani ni habari nyingine, mgonjwa hawezi kusubiri mpaka tujenge viwanda. Kumkatia ghafla mtu wa dawa ni ukatili, awe na deni na wewe au asiwe nalo.

Kijana wa Temeke:
Asante dada. Mama mdogo bado anapigiwa simu, wiki iliyopita kaenda Mbagala Kuu kwa nauli yake kumtafuta binti mmoja aliyeacha dozi, akakuta wamehama, jirani hajui wameenda wapi.