Kompyuta haionyeshi kitu baada ya kuiongezea nguvu, msaada wakuu

NyegeziKona: Wakuu, heshima kwenu. Nina Dell OptiPlex 7010 ya kava kubwa, ipo nyumbani. Nimeiongezea RAM ikafika GB 16 na kuweka SSD. Sasa nikiwasha, feni inazunguka, taa inawaka, ila monita inasema hakuna signo kisha inalala. Monita ni nzima, nimeijaribu kwa laptop ya jirani. Kuna kazi ya mtu natakiwa kuikabidhi, nimechanganyikiwa.

SatoMkavu: Toa RAM, sugua yale meno ya dhahabu kwa raba, rudisha moja tu. Mara nyingi ni hapo.

Mama Wawili Igoma: Mimi ilikuwa TV. Fundi aliichukua kabla ya Pasaka akasema kioo kimekufa. Nilipoifuata nikakuta wanawe wanaangalia katuni humo humo. Nikakaribishwa na chai. Pole kaka.

jiwe_la_ziwa: Chomoa RAM zote, washa. Ikipiga bipu, mazabodi na prosesa ziko hai. Halafu sema ukweli: ni hivyo viwili tu ulivyobadilisha?

NyegeziKona: Imepiga bipu. Prosesa pia nilibadilisha, ila hiyo haina shida, nimeifunga vizuri na pesti mpya. Ni kama i7 ya jenereshoni ya 4.

Mzee wa Kamanga: Kijana mzima unahangaika na magemu, wenzako alfajiri wako Mwaloni wanapakia dagaa. Uza hiyo kitu ununue nyavu.

SatoMkavu: Mzee, nyavu zenyewe zikiwa na matundu madogo zinachomwa moto. Unataka akafungwe?

kahawa_chungu: Wakuu mnanyweshwa chai. Soketi ya 7010, pale inapokaa prosesa, ni LGA 1155, inakula jenereshoni ya 2 na ya 3. i7 ya jenereshoni ya 4 ni LGA 1150, vikato vya pembeni havilingani, haiingii hata ukiipigia magoti. Huyu hana kompyuta. Juzi kwenye jukwaa la mahusiano alikuwa dereva wa lori. Wasimamizi fungeni uzi.

SatoMkavu: Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

NyegeziKona: Nilisema KAMA i7. Juu yake imeandikwa Xeon E3-1230 v2, muuzaji akaniambia ni i7 ya seva. Na lori ni la shemeji, dereva haruhusiwi kuwa na kompyuta?

jiwe_la_ziwa: Ungeanza na hilo. Xeon hiyo inaingia kwenye 1155, ila haina grafiki ndani yake, yaani sehemu ya kutoa picha, na tundu la VGA nyuma ya mazabodi linategemea grafiki ya prosesa. Huenda Windows imeshafunguka, haina pa kuchora tu. Ungechukua E3-1245 v2, hiyo grafiki inayo. Rudisha prosesa ya zamani tuhakikishe.

NyegeziKona: Ile i5 nimeshauza, ndiyo iliyolipia SSD. Halafu kuna jamaa Makoroboi nimempa advansi ya kadi ya grafiki, GTX 1660 Super. Kwa hiyo nielekezeni namna ya kuifunga tu, kurudi nyuma siwezi.

jiwe_la_ziwa: 1660 Super inakula wati 125 na inataka waya wa pini 8. Pawasaplai ya kava lako ni wati 275 na waya huo haina. Mwambie akubadilishie, upate kadi inayonywa umeme wa sloti ya mazabodi peke yake: GT 1030 ni wati 30, GTX 1050 Ti ni 75, tafuta isiyo na tundu la pini.

NyegeziKona: Lakini 1660 kaniachia kwa bei ya kutupa. Na kuna vile vigeuzio vya kuvuta umeme kwenye waya wa SATA, ule wa kulishia diski, mbona watu wanatumia?

jiwe_la_ziwa: Plagi ya SATA mwisho wake ni wati 54 kwenye volti 12. Wanaotumia waulize plastiki ilinukaje.

kahawa_chungu: Kuhusu kompyuta nakubali, si chai. Kuhusu lori bado nina maswali.

SatoMkavu: Mtoa mada, hiyo i5 ulimuuzia nani? Nimenunua moja Nyakato, na yangu imegoma kuwaka.