Vidole vitatu na nusu vinakufa ganzi, sindano siisikii

FundiKanga: Habari zenu. Mimi fundi cherehani, mwaka wa 19 huu. Tangu Ramadhani mkono wa kulia unakufa ganzi usiku: gumba, cha shahada, cha kati na ubavu mmoja wa cha pete. Kidole kidogo kizima kabisa! Naamka saa nane nakung'uta mkono kama napukuta maji, ndipo unarudi. Sasa hata mchana sindano inanidondoka bila kujua. Kifungo nisipokitazama sijui kama ni kifungo au punje ya mahindi. Mama mkwe anasema nimerogwa.

Mnyoosha Viungo: Pole dada. Hicho kidole kidogo ndicho kinachokutegulia kitendawili, maana kina neva yake, yaani mshipa wa fahamu. Neva ya kati hupita kwenye kijinjia chembamba cha kifundo cha mkono. Ikibanwa, huathirika vidole hivyohivyo ulivyotaja. Usiku tunalala tumekunja mkono, inazidi. Vaa kibanio cha kunyoosha kifundo kila ukilala, wiki 6 hivi. Pima na sukari. Ila tazama nyama ya chini ya gumba: ikiwa imebonyea, usisubiri wiki 6, muone daktari.

Bi Tui: Mimi nilipasuliwa kwa tatizo hilohilo, kwa sindano ya ganzi ya mkono tu, huku napiga soga na daktari. Usingizi ulirudi wiki hiyohiyo. Nguvu za kukamua nazi zilichukua miezi.

FundiKanga: Nimelinganisha mikono. Wa kulia umebonyea. Kesho naenda, sare za shule zitasubiri.