Kulala kwenye bembea katika msitu wa Kakamega: nianzie wapi?

Mkazi wa Lanet

Salamu kwenu nyote. Ninaishi Nakuru na nimezoea kupiga kambi kwa hema katika Bonde la Ufa. Mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, ninapanga kumpeleka mpwa wangu wa miaka 16 katika msitu wa Kakamega, na kwa kuwa nimesikia kwamba ardhi ya huko ina mizizi mingi na hukaa na unyevu, ningependa tulale kwenye bembea za kitambaa zinazofungwa baina ya miti. Nimekwisha kununua mbili, kila moja ikiwa na urefu wa mita 3.3 pamoja na kamba nyembamba za kufungia. Nilipoijaribu moja nyumbani niliivuta ikanyooka kabisa, lakini bado mgongo ulijikunja. Naomba kufahamishwa namna sahihi ya kuifunga, na kama mfuko wa kulalia unatosha kutukinga na baridi au kuna kingine cha kubeba.

Mwanamsitu wa Shinyalu

Karibu sana huku kwetu, ndugu. Nianze na huko kuivuta ikanyooka, maana ndiko kunakouumiza mgongo, tena kunahatarisha mikanda na miti. Bembea inatakiwa ilegee. Mkanda ukiteremka kutoka kwenye mti kwa pembe ya nyuzi 30, mtu wa kilo 80 huuvuta kila mkanda kwa nguvu ya takriban kilo 80. Pembe ikipungua hadi nyuzi 10, nguvu hiyo inapanda na kukaribia kilo 230 kwa kila upande, ingawa mlalaji ni yuleyule. Ili kuikadiria pembe bila kifaa, nyoosha kidole cha shahada na ukisimamishe kidole gumba, kisha uusogeze mkono karibu na mkanda: mkanda ukipita kwenye ncha za vidole vyote viwili, uko karibu na nyuzi 30.

Chagua miti iliyoachana kwa mita 4 hadi 5, na ukishaketi, kitako kisizidi urefu wa kiti cha kawaida kutoka chini. Kisha usilale kwa kufuata mstari wa katikati, bali lala mshazari, kichwa kikielekea upande mmoja na miguu upande wa pili. Kitambaa hutandazika na mgongo hunyooka. Wengi waliokata tamaa na bembea hawakuwahi kuelezwa jambo hili moja. Ukitaka ulegevu uwe uleule kila usiku, funga kamba ya juu isiyonyumbulika kutoka ncha moja ya bembea hadi nyingine. Kwa bembea yako, mita 2.7 zinafaa.

Kamba nyembamba ziache nyumbani, nakusihi. Chini tu ya gome ndipo panapopita chakula cha mti, na kamba yenye uzito wa mtu hupakata na kupaponda. Msitu huu umeumizwa vya kutosha na wachunaji wa magome, hasa ya Prunus africana, ambayo hutafutwa kwa ajili ya dawa ya tezi dume. Tumia mikanda ya poliesta yenye upana wa sentimita 5. Ukipitia Kisumu, tafuta katika soko la Kibuye mikanda ya kufungia mizigo ya malori, ambayo fundi wa mahema anaweza kuikata na kuishonea vitanzi. Nailoni ni imara pia, lakini hurefuka ikilowa, na unaweza kuamka kitako kikigusa majani.

Muuguzi wa Kisumu

Mwenzangu ameeleza vizuri suala la kufunga. Mimi nataka kuzungumzia baridi na mbu, kwa sababu Nakuru na Kakamega hazifanani katika jambo hili la pili.

Mfuko wa kulalia pekee hautatosha. Kinachotia joto katika mfuko huo ni hewa iliyonaswa ndani ya pamba zake, na mwili ukiulalia, pamba hubanwa na hewa hutoka, huku upepo ukipita chini ya kitambaa usiku kucha. Mtu huweza kutetemeka hata usiku ambao ndani ya hema angelala bila blanketi. Weka godoro jembamba la sponji lisilonyonya maji ndani ya bembea, au, kilicho bora zaidi, ning'iniza mfarishi nje, chini ya kitambaa, mahali ambapo hautabanwa na mwili.

Kakamega imo katika ukanda wa malaria wa eneo la ziwa, na anayeishi Nakuru kwa kawaida hana kinga ya mwili aliyonayo mwenyeji. Chandarua kiwe kimeizunguka bembea yote. Jambo linalosahaulika ni kwamba mbu huweza kuuma kutoka chini kupitia kitambaa chembamba, kwa hiyo godoro hilo linakukinga na mbu pia. Kabla ya safari, muone mhudumu wa afya kuhusu dawa za kuzuia malaria, na mmoja wenu akipata homa katika wiki zinazofuata baada ya kurudi, apimwe siku hiyohiyo.

Mkazi wa Lanet

Ninawashukuru sana. Je, Agosti ni wakati mwafaka kwa upande wa mvua, na tunaweza kulala popote ndani ya msitu?

Mwanamsitu wa Shinyalu

Agosti mvua ipo, mara nyingi alasiri ikiambatana na radi, na miezi mikavu zaidi ni kuanzia Desemba hadi Februari. Lakini mkija na turubai pana, linalozipita ncha zote mbili za bembea, mtalala vizuri. Funga kipande kifupi cha uzi wa pamba kwenye kila mkanda, karibu na bembea lakini chini ya turubai, kikining'inia. Maji yanayotiririka kutoka kwenye mti kwa kuufuata mkanda yatadondokea hapo badala ya kuingia kitandani. Radi ikianza kukaribia, ondokeni kwenye bembea mwingie ndani ya jengo au gari; kukaa baina ya miti miwili wakati huo ni hatari, na eneo letu hupigwa na radi mara nyingi.

Popote hapana. Sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, iko chini ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), na huku Isecheno tuko chini ya KFS (Shirika la Misitu la Kenya). Ombeni ruhusa kwa upande mtakaochagua, mwaeleze mapema kwamba mtatumia bembea, kisha mfunge katika uwanja wa kambi tu. Miti iwe hai na minene kupita paja la mtu mzima, na kabla ya kufunga tazameni juu kama kuna tawi kavu lililonasa. Mikaratusi iepukeni kabisa, kwani huangusha matawi hata kusipokuwa na upepo. Mkague shina na ardhi kwa tochi jioni: mkiona msafara wa siafu, msipigane nao, hamieni miti mingine.

Kwa usiku wa kwanza wa kijana, funga bembea yake ipite sentimita chache tu juu ya ardhi, na chini yake pasiwe na jiwe wala kisiki.