.375 au .458 kwa mwanagenzi wa uwindaji wa nyati?

Mwanagenzi wa Ilemela:
Shikamooni wakubwa. Naishi Mwanza, na hivi karibuni naanza kujifunza kazi chini ya mwindaji bingwa katika Pori la Akiba la Maswa, ambako nitatakiwa kusimama karibu na mgeni anapompiga nyati. Fedha nilizoweka zinatosha bunduki moja tu, nami nasita kati ya mbili, zinazoitwa kwa kipenyo cha risasi zake kwa inchi: .375 H&H na .458 Winchester. Ipi inafaa, hasa nyati aliyejeruhiwa anapoingia kichakani?

Mzee wa Magu:
Marahaba, kijana. Chukua .375. Tangu ilipotoka mwaka 1912 inarusha kichwa cha risasi (kile kipande kinachoruka) cha greni 300, yaani gramu 19 na ushee, kwa mwendo wa takriban mita 770 kwa sekunde, na teke lake bega la kawaida hulizoea. Ile .458 hubeba greni 500, lakini mazoezi yake yanaumiza, na anayeanza huzoea kufumba macho kabla ya kufyatua. Nyati hasubiri uyafumbue. Kubwa zaidi ni aina ya kichwa, ambayo hukuiuliza. Kichwa laini hutanuka mwilini, ilhali kigumu huvunja mfupa na mara nyingi hutokea upande wa pili, kwa hiyo mnyama akiwa kundini unaweza kumjeruhi aliye nyuma yake, ukabaki na nyati wawili wa kufuatilia.

Jirani wa Sengerema:
Namheshimu Mzee, ila kazi ya kijana itakuwa kumzuia mnyama anayekuja, na hapo uzito una maana. Mimi ningetafuta .416 Rigby ya mwaka 1911, yenye greni 400 na mwendo wa takriban mita 720 kwa sekunde. Ganda la risasi yake ni kubwa na shinikizo la baruti ndani yake ni dogo, hivyo halikwami kirahisi wakati wa joto kali. Kasoro yake ni bei ya risasi. (Huku kwetu anayetutoa jasho ni kiboko anayeingia usiku katika majaruba ya mpunga, lakini huyo ni wa askari wa wanyamapori.)

Mwanagenzi wa Ilemela:
Nashukuru. Kwa bei hiyo nisingepata risasi za kufanyia mazoezi, basi nitachukua .375. Mzee, nizipakie vipi?

Mzee wa Magu:
Kundi likiwa wazi mbele yako, ya kwanza iwe laini na zinazofuata ziwe ngumu. Ukifuata damu kichakani, zote ngumu.