Kuhusu: Nembo ya ukoo kwenye kadi za harusi

Ndugu zangu wana-Mwanza mlioko Uingereza, shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu.

Dada yetu ameuliza kama anunue ile nembo inayouzwa madukani kwa jina la ukoo wa mchumba wake Mwingereza, aichapishe kwenye kadi za harusi ya Mwanza. Namshauri asinunue. Kwa utaratibu wa England, nembo hupewa mtu mmoja na kurithiwa na wazao wake, wala haiwi mali ya kila mwenye jina hilo. Mchumba awaulize kwanza wazee wake kama yupo babu aliyewahi kupewa, kisha aandikie College of Arms ya London, yaani ofisi rasmi ya nembo, iliyoanzishwa mwaka 1484, ili apate uthibitisho. Kuomba nembo mpya hugharimu maelfu ya pauni, fedha ambazo Usukumani zingetoa ng'ombe wa mahari na wengine wakabaki zizini.

Zile orodha za maana za alama za nembo, zinazodai kwamba simba ni ushujaa na kadhalika, msizitegemee sana. Kwa mfano, baba yake mwandishi Shakespeare alipewa mwaka 1596 nembo yenye ngao ya rangi ya dhahabu na mshazari mweusi uliochorwa mkuki, na mkuki huo hauhusu vita bali unalichezea jina la familia, ambalo linabeba neno la Kiingereza la mkuki, "spear".

Kama maharusi wanataka kubuni alama yao wenyewe, waitazame ngao yetu ya taifa, ile ya bibi na bwana, ambamo jembe, shoka, mawimbi, karafuu na pamba vinatoka katika maisha ya watu wenyewe. Kanuni ya zamani ya nembo huhesabu njano na nyeupe kuwa madini, yaani dhahabu na fedha, na nyinginezo kuwa rangi, na hukataza kuweka madini juu ya madini au rangi juu ya rangi, ili alama ionekane kwa mbali. Kwa hiyo sato mweupe juu ya buluu ya ziwa anafaa, lakini jani la pamba la kijani juu ya buluu hiyo halifai. Ikiwa dada ana asili ya Uhaya, wazee waulizwe muziro wa ukoo, yaani mnyama ambaye ukoo umekatazwa kumla, kwa kuwa mnyama huyo ana haki ya kukaa kwenye ngao kuliko simba wa dukani, ingawa asionekane kwenye orodha ya vyakula.

Mchapaji apewe pia maelezo ya maandishi ya kila umbo na rangi yake, kwa sababu hata kwa Waingereza nembo hutambulika kwa maelezo hayo, na wachoraji huruhusiwa kutofautiana mikono.