Kwa Kukhu Khayega 🏡 _(grupu ya familia: Senje ni shangazi, Khotsa ni mjomba, Kukhu ni nyanya, Dan ni mtoto wa Senje, Sharon ndio ako chuo Kisumu)_

*Senje:* Mulembe watu wangu. Huyu mtoto wa Kisumu ako aje? Tangu Jumapili anasoma meseji zetu na hasemi kitu

*Mama:* Hata mimi wifi ananijibu tu "niko poa". Hiyo niko poa yake naijua tangu nasari, alikuwa anasema hivyo akiwa na malaria

*Khotsa Nakuru:* Mwacheni. Fresha wiki ya sita ni hivyo, uhuru umemkolea

*Dan:* Khotsa si uhuru. Wiki hizi ndio CAT zinarudishwa, ile mitihani midogo ya katikati ya semesta 😂

*Sharon:* Dan aki nyamaza

*Senje:* Kumbe ako hewani! Mami umekula?

*Sharon:* Nimekula Senje, chapo madondo

*Mama:* Leo ama jana

*Sharon:* ...jana

*Sharon:* _Ujumbe huu ulifutwa_

*Mama:* Umefuta nini? Andika tena

*Sharon:* Sawa wacha niseme mara moja halafu mnichape. Nimepata 11 CAT ya hesabu. 11 kwa 30. Mimi nilikuwa na A ya hesabu KCSE ya form four. Niliangalia hiyo karatasi nikadhani ni ya mtu mwingine nikageuza nione jina, ni langu. Sijaingia hiyo klasi tena wiki mbili sasa, nikisikia saa tatu imefika naenda maktaba najifanya nasoma

*Khotsa Nakuru:* 11??? Mayi! Na karo tumelipa

*Senje:* Shemeji ngoja kwanza. Dan wewe ndio uko third year, ongea na mwenzako badala ya kucheka

*Dan:* Sawa mathe. Sharon mimi CAT yangu ya kwanza nilipata 9, mathe usishtuke sikukuambia, so 11 yako ni ya mkubwa wangu. Skia, CAT ni 30 mtihani ni 70, kupita ni 40, sasa wewe ukipata 29 peke yake kwa mtihani umepita, na ukipata 49 hiyo ni 60, yaani B. Na huko A inaanzia 70 si 80 kama high school kwa hivyo acha kujipimia na kile kipimo cha form four. Shida yako si 11. Shida ni hizo wiki mbili. Yuniti, yaani somo moja, ni masaa matatu kwa wiki, semesta kama wiki 14, hiyo ni 42, na wanataka uwe umehudhuria theluthi mbili, yaani 28. Umekosa 6. Bado uko salama lakini ukiendelea na hiyo maktaba yako watakuzuia mtihani

*Senje:* Huyu ni mtoto wangu kweli? 9?

*Dan:* Mathe tuko kwa Sharon sasa

*Dan:* Na fungua potali ya chuo kwa simu sahi, tukiwa hapa. Unafanya yuniti ngapi

*Sharon:* Saba

*Dan:* Zihesabu zenye ziko kwa potali, si zenye unaenda

*Sharon:* 1 2 3 4 5 6

*Sharon:* Sita

*Sharon:* Ile ya mawasiliano haiko. Lakini mimi huandika jina kwa ile karatasi inazungushwa kila wiki!!

*Dan:* Hiyo ni ya kuhudhuria tu. Kuregista ni kwa potali. Ungefanya huo mtihani jina haliko kwa listi, maksi zinapotelea hewani, halafu fourth year wenzako wanakodi gauni ya kugraduate wewe unatembea ofisi hadi ofisi. Deadline ni lini

*Sharon:* Ijumaa 😭

*Mama:* Leo ni Jumatatu. Fanya sasa, sitoki hapa

*Khotsa Nakuru:* Na pesa ya HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, ya kujikimu iliingia? Mbona unalala na chapo ya jana

*Sharon:* Iliingia Khotsa. Nilinunua koili ya kupikia ikachukuliwa na msimamizi wa hosteli siku ya pili, kumbe haziruhusiwi. Halafu nywele. Halafu bathde ya rumeti

*Khotsa Nakuru:* Hiyo ni mkopo Sharon. Mimi nimezeeka nikiilipa. Ikiingia tena igawe kwa wiki zilizobaki siku hiyo hiyo, ya wiki mbili ikae kwa simu, ingine ufungie kwa akiba ya simu ya M-Shwari, ile ya kulock, ama mpe mama yako awe anakutumia kidogo kidogo

*Mama:* Mimi usinipe, nitanunua mbolea 😂

*Senje:* Sasa turudi kwa hesabu. Mami, form four mimi nilikuwa nawafuata mpaka bwenini kama hamjaelewa. Huyo lekcha akimaliza slaidi anabeba laptopu anaenda, hakuchukii, hajui tu. Hana saa za kuonana na wanafunzi?

*Sharon:* Ako nazo, amebandika kwa mlango, Jumatano saa nane mpaka saa kumi. Naogopa. Nitamwambia nini

*Senje:* Usimwambie "sielewi kitu", hapo hata mimi nikiwa mwalimu sijui nianzie wapi. Beba hiyo CAT. Chagua swali moja. Fanya upya kwa karatasi mpaka pale unakwama, halafu umwonyeshe na kidole, "Dokta, nilifika hapa kwa huu mstari nikashindwa." Basi

*Sharon:* Swali la tatu. Kuna mahali alama inageuka kuwa toa na sijui imetoka wapi

*Senje:* Hiyo hiyo

*Mama:* 🎤 0:41

*Mama:* Huyo ni Kukhu, kama simu inasumbua anasema: ameuliza 11 ni ya ngapi nikamwambia 30, akasema kwani hizo 19 wamezipeleka wapi, si ziko tu hapo, uende ukaulize

*Dan:* Kukhu 😂😂😂

*Sharon:* Nimecheka mpaka rumeti ameamka

*Sharon:* 📷 Saba. Ziko zote saba

*Mama:* Asante Yesu. Kesho nampa konda wa ile matatu ya saa mbili mfuko, kuna ndizi, njugu na unga. Umngoje stejini saa tatu na nusu

*Khotsa Nakuru:* Nimetuma 500. Ya kula. Si ya nywele

*Sharon:* Asante Khotsa 🙏

_Jumatano_

*Senje:* Saa kumi imepita. Ulienda?

*Sharon:* Nilienda Senje. Kwa mlango nilipata watu watano kwa foleni na wote wamebeba ile karatasi. Huyo wa mbele yangu ana 8 na alikuwa na B+ ya hesabu

*Senje:* Na ile alama?

*Sharon:* Kulikuwa na toa mbele ya mabano, nikayafungua bila kugeuza alama za ndani. Kitu ya dakika mbili. Tumeamua sisi sita tutakuwa tunakutana Jumamosi kwa ile hesabu

*Mama:* Huyo wa 8 amekula?

*Sharon:* Hapana. Ako hapa anamaliza njugu zangu