Shahada ya menejimenti ya maafa: mtaala uanzie wapi?

Mratibu wa Mtaala (mleta mada)

Ndugu wadau, salaam. Chuo kikuu ninachofundisha, ambacho ni kidogo na kiko mbali na Dar es Salaam, kimeniteua kuongoza kamati ya kuandaa mtaala wa shahada ya kwanza ya miaka mitatu katika menejimenti ya dharura na maafa. Mimi ni mtu wa jiografia. Nimefundisha mafuriko na mmomonyoko wa udongo kwa miaka mingi, lakini sijawahi kugawa hata hema moja kwa mtu aliyepoteza nyumba, kwa hiyo naomba mawazo yenu kabla andiko letu halijapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu.

Sababu za kuwa na shahada hii sidhani kama zinahitaji maelezo marefu. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, kuzama kwa MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara mwaka 2018, moto wa lori la mafuta pale Msamvu mwaka 2019, matope yaliyoteremka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh Desemba 2023 na jengo lililoanguka Kariakoo Novemba 2024 ni matukio ambayo kila msomaji hapa anayakumbuka bila kukumbushwa.

Kilichonileta hapa ni kikao chetu cha kwanza. Kila idara ilikuja na somo lake mkononi: wahandisi walileta majengo, watu wa afya wakaleta huduma ya kwanza, sisi tukaleta ramani, na wenzetu wa biashara wakaleta somo la kanuni za menejimenti wanalolifundisha siku zote, isipokuwa safari hii jina lake lilikuwa limeongezewa neno "maafa". Tulipojumlisha tukapata krediti 360 kamili zinazotakiwa kwa shahada, lakini hakuna aliyeweza kueleza mhitimu wetu atajua nini ambacho mhitimu wa jiografia hakijui.

Maswali yangu ni haya: mhimili wa taaluma hii ni nini hasa, nani atawaajiri vijana hawa, na je, ni busara kuanza na shahada au tungeanza na stashahada?

Mhadhiri wa Ughaibuni

Ndugu mleta mada, nafundisha fani hii Marekani, na kikao chako kimenikumbusha vikao vingi nilivyokaa huku.

Hata Marekani fani hii ni changa vyuoni. Programu ya mwanzo kabisa ya shahada ya kwanza ya menejimenti ya dharura ilianzishwa University of North Texas mwaka 1983, miaka minne baada ya Rais Jimmy Carter kukusanya ofisi zilizotawanyika serikalini na kuunda FEMA, wakala wa serikali kuu wa menejimenti ya dharura. Kabla ya hapo kazi hii ilishikwa kwa kiasi kikubwa na wanajeshi wastaafu na maofisa wa ulinzi wa raia, ambao mawazo yao yalikuwa kwenye bomu la nyuklia la Warusi kuliko kwenye mafuriko ya mto wa jirani. Mwaka 1994 FEMA ikaanzisha mradi wa elimu ya juu katika chuo chake cha Emmitsburg, Maryland, chini ya Wayne Blanchard, kwa lengo la kuwa na angalau programu moja katika kila jimbo. Mradi ule uliandaa masomo kamili, yenye mihtasari na vitini, ambayo chuo chochote kingeweza kuyachukua bila malipo na kuyarekebisha, na ukawakutanisha wahadhiri kila mwaka ili wabishane. Mimi naamini mabishano yale yalijenga fani kuliko fedha zozote.

Baada ya Septemba 11, 2001 programu ziliongezeka kwa kasi, na nyingi zilivaa sura ya ugaidi na usalama wa taifa. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kikawarudisha watu kwenye maswali ya zamani: nani anaishi bondeni, nani hana gari la kuondokea, nani anatoa amri ya kuhama na nani anaisikia. Nakutahadharisha hapa kwa sababu tukio la mwisho lina tabia ya kuuteka mtaala. Ukiandika mtaala mwaka wa tope utapata shahada ya tope, na mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg kama ule wa Kagera wa mwaka 2023 utakapokuja, mhitimu wako atakuwa mgeni kabisa.

Kuhusu mhimili, jibu langu ni kwamba taaluma hii inahusu jinsi watu na taasisi wanavyofanya kazi pale utaratibu wa kawaida unapokatika. Wanasosholojia Quarantelli, Dynes na Haas walianzisha kituo cha utafiti wa maafa Ohio State mwaka 1963, kikahamia University of Delaware mwaka 1985, na walichokiona tena na tena ni kwamba taharuki ya umati si ya kawaida kama sinema zinavyoonyesha, na kwamba waokoaji wa kwanza karibu kila mara ni majirani. Wewe huhitaji mfano wa Ohio. Ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba Novemba 6, 2022, wavuvi walifika kwa mitumbwi yao kabla ya wengine. Mwanafunzi wako anapaswa kutoka darasani akijua namna ya kuandaa mpango unaowahesabu wavuvi wale kuwa sehemu ya uokoaji, si watazamaji wa kufukuzwa nyuma ya kamba.

Kwa hiyo kiini kiwe tathmini ya hatari, sheria na uratibu wa taasisi, upangaji na mazoezi, mawasiliano ya tahadhari, na kurejesha hali baada ya tukio, ambalo ndilo somo linalosahauliwa zaidi ingawa ndilo linalochukua miaka. Jiografia, uhandisi na afya ziingie kama matawi. Wala msidhani mnaanza peke yenu barani Afrika. Vyuo vikuu vya Ardhi (Tanzania), Makerere (Uganda), Bahir Dar (Ethiopia) na Antananarivo (Madagaska) vimekuwa pamoja katika mtandao wa Periperi U uliokuwa ukiratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, na kila kimoja kiliingia kwa mlango wake: Ardhi kupitia mipango na makazi, Makerere kupitia afya ya jamii, Bahir Dar kupitia kilimo na ukame. Chagueni mlango wenu kwa kuangalia hatari za kanda yenu na wahadhiri mlionao.

Zimamoto Mstaafu

Nimesoma yote kwa heshima, lakini naona mnaelekea kutengeneza maofisa wa kuvaa tai. Nimefanya kazi ya uokoaji miaka zaidi ya 20, na aliye chini ya kifusi haokolewi na nadharia ya sosholojia. Fedha za kuendesha shahada hiyo zingenunua vifaa vya kukatia zege na kuwafundisha vijana kuvitumia. Kama ni lazima shahada iwepo, basi mwaka mzima uwe wa vitendo: kamba, maji, moto, na asiyeweza asihitimu.

Afisa wa Halmashauri

Mzee wangu Zimamoto, shikamoo. Vifaa ni kweli havitoshi, sipingi. Hata hivyo naomba nieleze kazi inayoanza baada ya ninyi kumaliza ya kwenu, maana ndiyo niliyorithishwa bila kufundishwa.

Mimi ni mratibu wa maafa wa wilaya. Niliajiriwa kwa kazi nyingine, na hii niliongezewa kwa barua ya aya mbili. Usiku mmoja wa masika, mtendaji wa kata alinipigia simu saa nane kuniarifu kwamba mto umepasua kingo na watu wamekimbilia shule ya msingi. Kufika asubuhi nilipewa idadi tatu za kaya zilizoathirika: ya mwenyekiti wa kijiji, ya mtendaji, na ya mwalimu mkuu aliyehesabu watu waliolala madarasani. Zote zilikuwa za kweli, kwa sababu kila mmoja alihesabu kitu chake. Mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, alitaka namba moja kabla ya saa nne. Niliandika orodha kwenye daftari la mistari. Jioni ilikuwa imeongezeka, kwa sababu familia moja ilijiandikisha kupitia baba, mama na kijana mkubwa. Wasamaria wema wakaleta malori mawili ya nguo kuukuu ambazo hakuna aliyeziomba, wakati sisi tulikuwa tunatafuta vidonge vya kusafishia maji. Na Jumatatu shule ilitakiwa kufunguliwa.

Hakuna mtu aliyefariki katika tukio lile, nashukuru Mungu. Lakini mwaka uliofuata mkaguzi alikuja, akataka hati za mapokezi ya magodoro na maelezo ya kwa nini ununuzi haukufuata utaratibu wa zabuni. Sheria inaruhusu ununuzi wa dharura, ila ina masharti yake, na mimi sikuyajua usiku ule. Nilijibu hoja ya ukaguzi kwa miezi.

Mwalimu, somo hilo mtaalipa jina gani sijui, lakini naliomba: tathmini ya awali, usajili wa waathirika, ununuzi wa dharura, utunzaji wa ghala, na uandishi wa taarifa ya ukurasa mmoja ambayo kiongozi anaweza kuisoma akiwa amesimama. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Mwanafunzi aisome kifungu kwa kifungu, kisha akae kwenye kikao cha kamati ya kata aone kinachofanyika.

Jambo jingine ni kalenda. Vyuo vyetu huleta wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kati ya Julai na Septemba, wakati wa kiangazi. Wanakaa ofisini wiki nane, wanapanga mafaili, wanaondoka. Mvua zikianza, wako darasani. Kama chuo kinaweza kugawa mafunzo hayo mara mbili, kiangazi kwa kuandaa mpango wa wilaya na masika kwa kuutumia, tutapata vijana wa maana.

Kuhusu jina, nawashauri mliondoe neno "dharura". Wilayani kwetu ukitamka dharura watu wanafikiria mlango wa hospitali wenye taa nyekundu. Idara iliyo Ofisi ya Waziri Mkuu inaitwa Menejimenti ya Maafa, na tangazo la ajira likitoka litafuata jina hilo.

Mhitimu wa Kakamega

Mwalimu, habari za huko. Nimesomea fani hii Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa Kenya, ambacho kina skuli nzima ya usimamizi wa maafa na misaada ya kibinadamu, basi acha nijibu swali la ajira kwa upande wa aliyeitafuta.

Kwetu Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka usimamizi wa maafa kwa serikali ya kitaifa na vilevile kwa kaunti, pamoja na zimamoto. Kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, nafasi zilianza kuonekana, ingawa si nyingi kama tulivyotarajia. Nilipokuwa natafuta kazi, matangazo mengi niliyoyaona yalitaka mtu anayejua maafa pamoja na kitu kingine: takwimu, ramani za kompyuta, lishe, au uhasibu wa miradi. Wenzangu waliokuwa na hicho kitu kingine waliajiriwa mapema. Waliokuwa na maafa peke yake walisubiri, na wengine wakaishia kufundisha. Kwa hiyo naunga mkono matawi aliyoyataja Mhadhiri, ila yawe matawi mazito, si masomo ya utangulizi manne yasiyomfikisha mtu popote.

Kilichonisaidia mimi ni utafiti wa mwaka wa mwisho. Niliufanya Budalang'i, ambako mto Nzoia huvunja matuta na kuingia mashambani. Nilienda na dodoso la kuuliza kama watu wanapata tahadhari, nikakuta wanazipata na bado hawahami, kwa sababu anayehama anaacha ng'ombe bila mlinzi. Dodoso langu halikuwa na swali la ng'ombe hata moja. Niliandika upya kila kitu, na ndio utafiti ambao hata mwajiri wangu aliniuliza kuuhusu siku ya mahojiano. Tafadhali usiruhusu wanafunzi wafanye utafiti wa maktaba.

Kwa Mzee Zimamoto ningependa kusema kwamba kozi za uokoaji zinaweza kutolewa na walio na ujuzi wenyewe, yaani jeshi la zimamoto na Msalaba Mwekundu, na mwanafunzi akaja na vyeti hivyo kama sharti la kuhitimu. Chuo hakina haja ya kununua mashua.

Mratibu wa Mtaala

Nawashukuru nyote. Jana nilipeleka mjadala huu kwenye kamati, nikasoma simulizi ya daftari la mistari kwa sauti, na kikao kilinyamaza kwa muda.

Tumefanya mabadiliko kadhaa. Jina sasa ni shahada ya menejimenti ya maafa. Masomo yote yaliyobandikwa neno "maafa" yameondolewa, jambo ambalo limenigharimu urafiki wa wenzangu wawili, na nafasi yake imechukuliwa na kiini kile cha mambo matano pamoja na somo la Afisa, tuliloliita uendeshaji wa misaada na uwajibikaji. Kila mwanafunzi atachagua tawi moja tangu mwaka wa pili na kulisomea hadi mwisho. Vyeti vya uokoaji na huduma ya kwanza vitakuwa sharti la kuingia mwaka wa tatu. Mzee Zimamoto hajapata mwaka mzima, lakini hajatoka mikono mitupu.

Kuhusu stashahada, kamati imekubali ianze yenyewe kwanza, kwa watumishi walio kazini kama Afisa, wakati tathmini ya mahitaji ya shahada ikikamilishwa. Sababu iliyotushawishi ni ya kibinafsi kidogo: wahadhiri wetu wenyewe hawajawahi kuifanya kazi hii, na darasa lililojaa waratibu wa wilaya litatufundisha kabla hatujawafundisha watoto waliotoka kidato cha sita.

Limebaki la kalenda. Ofisi ya taaluma inasema mafunzo kwa vitendo hayawezi kuhamishiwa masika bila kuvuruga mitihani ya chuo kizima, ila imekubali majaribio ya wiki tatu kwa wanafunzi wachache. Afisa, wilaya yako inaweza kupokea wawili mwezi Aprili? Wataleta vyandarua na mabuti yao.